Nauli ya dada wa kazi ni ya nani?



Kila mwaka, mavuno yakiisha na mitihani ikishapita, mabasi yatokayo Iringa, Singida, Dodoma, Lushoto na kwingineko huwa na abiria wa namna moja. Ni wasichana wenye mfuko mmoja wa nguo. Wanakwenda Dar es Salaam, Arusha au Mwanza kufanya kazi za nyumbani. Watalea watoto wa watu, watapika, watafua, watafagia. Wengine ni binti zetu. Wengine ni wadogo zetu. Na baadhi yetu tunaosoma gazeti hili kazi hiyo tumeifanya sisi wenyewe, tunaijua.

Kabla binti hajapanda basi huwa tunauliza mengi. Tunauliza mshahara ni kiasi gani. Tunauliza nyumba ina watoto wangapi. Tunauliza mama mwenye nyumba ni mtu wa wapi, na kama ana hasira. Lakini kuna swali moja ambalo wengi wetu hulisahau. Hiyo nauli inayompeleka binti mjini ni ya nani? Ni zawadi? Ni mkopo? Ni haki yake? Na siku akitaka kurudi nyumbani, nauli ya kurudi itatoka mfuko wa nani?

Katika somo la leo tutasoma habari ya safari na nauli tu. Mambo ya mshahara na saa za kazi ni makubwa, yanataka somo lake. Lakini mtu asiye na nauli ya kurudi hata mshahara wake hawezi kuutetea vizuri. Akionewa atanyamaza, kwa sababu hana pa kwenda.

Nauli inavyogeuka kuwa deni

Tufanye hesabu kidogo. Chukueni kalamu.

Tuseme binti anatoka kijijini. Gari la kumfikisha mji wa wilaya ni shilingi 5,000. Basi la kwenda Dar es Salaam ni shilingi 40,000. Chakula cha njiani ni shilingi 5,000. Mabasi ya mikoani hushusha abiria stendi ya Magufuli, kule Mbezi, na kutoka hapo mpaka kwa mwajiri kuna daladala na bajaji, tuseme shilingi 3,000. Jumla ni shilingi 53,000.

Sasa yupo dalali. Huyu ndiye aliyepita kijijini akisema, "Kuna mama mmoja mjini anatafuta msichana." Dalali amempigia mwajiri hesabu yake, shilingi 30,000 kwa kazi ya kutafuta. Mwajiri analipa, kisha anaandika kwenye daftari lake: 53,000 na 30,000, jumla 83,000. Na mshahara waliokubaliana ni shilingi 80,000 kwa mwezi.

Mnaona? Binti hajashika hata ufagio, na tayari anadaiwa zaidi ya mshahara wa mwezi mzima. Mwajiri akikata shilingi 20,000 kila mwezi, deni litakwisha mwezi wa tano. Katika muda huo binti anapokea shilingi 60,000, si 80,000. Nyumbani tunashangaa, mbona hatumi kitu? Kumbe anailipa barabara aliyopitia.

Wala ubaya hauishii kwenye fedha. Mwenye deni hawezi kuondoka. Akinyimwa chakula, anaambiwa maliza deni kwanza. Akiguswa na mtu wa nyumba ile asivyotaka, anaambiwa vilevile. Mzazi akifa kijijini, anaanza kuhesabu miezi iliyobaki.

Kwa wale wanaokwenda nchi za nje deni hilo huwa kubwa zaidi. Mwaka 2017 shirika la Human Rights Watch lilitoa taarifa juu ya wanawake wa Tanzania wanaofanya kazi za nyumbani Omani na Falme za Kiarabu. Wapo walioeleza kwamba pasi zao zilichukuliwa, na walipotaka kuondoka wakadaiwa kwanza warudishe gharama za kuwaleta. Tiketi ya ndege hailipiki kwa mshahara wa miezi miwili. Ni jambo lilelile la basi la Mbezi, ila limekuwa na mabawa.

Sheria inasemaje

Huku Tanzania Bara tunayo Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004. Zanzibar wana sheria yao ya mwaka 2005, kwa hiyo msomaji mwenye binti Unguja au Pemba aulize huko huko. Watu wengi hudhani sheria za kazi ni za viwandani na maofisini tu. Sivyo. Mfanyakazi wa nyumbani naye ni mfanyakazi. Hata Serikali inapotangaza kima cha chini cha mshahara, watumishi wa majumbani wana mstari wao. Mwaka 2013, kwa mfano, aliyelala kwa mwajiri wa kawaida aliwekewa shilingi 40,000 kwa mwezi. Viwango hivyo vimebadilishwa tangu wakati ule. Kiwango cha sasa ulizeni Ofisi ya Kazi, msiulize kwa dalali.

Tutazame mambo mawili yanayohusu nauli.

La kwanza ni makato. Sheria hiyo, kifungu cha 28, haimruhusu mwajiri kukata mshahara anavyotaka. Kama anadai deni, lazima mfanyakazi awe amekubali kwa maandishi kwamba deni hilo likatwe. Kwa maandishi, ndugu zetu. Kusema "nilimwambia siku ile" hakutoshi. Kwa hiyo kama binti hakuweka sahihi popote, nauli ya kuja haiwezi kukatwa kwenye mshahara wake kisheria. Lakini tuangalie upande wa pili pia. Kama aliwekewa karatasi mbele yake, akaambiwa "tia sahihi hapa," naye akatia bila kusoma, basi amejifunga. Karatasi hiyo yaweza kuwa ndiyo ruhusa ya kumkata. Mmejifunza kusoma. Isomeni karatasi hiyo mpaka mstari wa mwisho.

Sheria inasema pia kwamba mfanyakazi asiyeelewa maelezo ya kazi yaliyoandikwa, ni juu ya mwajiri kuhakikisha anaelezwa kwa namna atakayoelewa. Si aibu kusema, "Naomba unisomee polepole, hapa sijaelewa."

La pili ni nauli ya kurudi. Hili wengi hawalijui, hata waajiri wenyewe. Kifungu cha 43 kinasema hivi kwa maneno yetu: mkataba wa kazi ukikomea mahali pengine, si pale mfanyakazi alipoajiriwa, mwajiri ana wajibu juu ya safari ya kumrudisha. Anaweza kumsafirisha mwenyewe na vyombo vyake. Anaweza kulipa usafiri. Au anaweza kumpa fedha ya safari, nayo isipungue nauli ya basi hadi stendi iliyo karibu na mahali alipoajiriwa. Na kama mwajiri anachelewesha, anasema "ngoja kesho, ngoja mwisho wa mwezi," basi zile siku za kungoja ampe mfanyakazi fedha ya kujikimu.

Mtaona kwamba wajibu unaishia stendi. Kutoka stendi mpaka kijijini, pengine kilometa 40 za pikipiki, sheria haikumtaja mwajiri. Hapo ndipo mazungumzo yanapotakiwa.

Jambo hili si geni katika nchi yetu. Wazee wetu waliochukuliwa manamba enzi za Mwingereza, kwenda kukata mkonge Tanga na Morogoro, walitoka Kigoma, Singida, Songea na mbali zaidi. Walipewa namba kama magunia, nao walionewa mengi. Hata hivyo, manamba aliyeandikishwa kwa mkataba alijua kwamba mkataba wake una safari ya kwenda na safari ya kurudi. Binti wa leo anayeondoka kwa simu moja ya dalali mara nyingi hana hata hilo.

"Mahali ulipoajiriwa" ni wapi?

Hapa tuende taratibu, maana hapa ndipo wengi hupotezea haki yao.

Tuseme wapo mabinti wawili wa kijiji kimoja. Wa kwanza alifuatwa nyumbani. Mwajiri alimtuma mtu, au alipiga simu mwenyewe, wakakubaliana binti akiwa kijijini. Huyu ameajiriwa kijijini. Kazi ikikoma, nauli yake inahesabiwa hadi stendi ya karibu na kijiji.

Wa pili alijiendea mjini kwa nauli yake. Akafikia kwa shangazi yake Mbagala, akakaa wiki mbili akitafuta, akapata kazi Sinza. Huyu ameajiriwa Dar es Salaam. Kazi ikikoma, mwajiri atasema, na sheria itakuwa upande wake, kwamba "mimi nilikukuta hapa hapa."

Wote wawili wanatoka kijiji kimoja. Wanafanya kazi ileile. Mmoja ana haki ya nauli, mwingine hana.

Je, kama aliyekuja kumchukua ni dalali? Sheria imelitazama hilo. Kuajiriwa kupitia wakala wa mwajiri ni sawa na kuajiriwa na mwajiri mwenyewe. Lakini nani atathibitisha? Dalali akishalipwa humwoni tena. Ndiyo maana sheria imetaka mahali mtu alipoajiriwa paandikwe katika maelezo ya kazi yake, pamoja na jina, umri, aina ya kazi, mshahara na saa za kazi. Ni neno moja tu, jina la kijiji. Msiliache. Binti akifika mjini na kuandikiwa "ameajiriwa Dar es Salaam," kumbe mlimuaga nyumbani kwenu, mwambieni asitie sahihi.

Kama hakuna karatasi yoyote, bado mambo hayajaharibika. Sheria imeweka kwamba kukitokea shauri na mwajiri akashindwa kuonyesha mkataba wa maandishi, mzigo wa kuthibitisha walichokubaliana ni wake yeye mwajiri. Tena siku hizi kuna simu. Ujumbe wa "nimetuma nauli, aje kesho" ni ushahidi. Ujumbe wa pesa uliotumwa kwa namba ya baba ni ushahidi, una tarehe na una jina. Msiufute. Tiketi ya basi nayo msiitupe pale stendi, ina tarehe na inaonyesha mlikotoka.

Tuseme neno moja pembeni. Haya yote tunayasema kwa ajili ya watu wenye umri wa kufanya kazi. Sheria inakataza kumwajiri mtoto aliye chini ya miaka 14, na aliyefikisha miaka hiyo lakini bado mtoto apewe kazi nyepesi tu, isiyomdhuru wala kumkosesha shule. Mtoto wa miaka 12 akiletewa nauli, hatuna ushauri wa namna ya kuizungumza nauli hiyo. Irudishwe, na mtoto abaki shule.

Safari za kila siku

Wapo wafanyakazi wasiolala kwa mwajiri. Huamka saa kumi na moja, hupanda daladala mbili kwenda na mbili kurudi. Tuseme kila daladala ni shilingi 600. Kwa siku ni 2,400. Kwa siku 26 za kazi ni shilingi 62,400. Kama mshahara ni 150,000, anabaki na 87,600. Kwa hiyo anayeambiwa "nitakulipa laki na nusu, utakuwa unatoka kwako" afanye kwanza hesabu hii ndipo ajibu. Pengine mwenye kulipwa 110,000 pamoja na nauli amempita.

Halafu kuna safari za kutumwa. Kumpeleka mtoto shule. Kumpeleka mtoto kliniki. Kwenda sokoni, kwenda kuchukua nguo kwa fundi. Safari hizi ni kazi ya mwajiri, na nauli yake ni ya mwajiri. Hapo hatuoni cha kubishana. Lakini mambo huharibika kidogo kidogo. Mama ametoka asubuhi kwa haraka, amesahau kuacha nauli. Dada anatoa 1,000 yake. Kesho tena. Wiki ya pili ni 6,000. Akidai, anaonekana mchoyo. Asipodai, inakuwa desturi. Dawa yake ni daftari dogo, hata la kurasa 40. Andika tarehe, ulikotumwa, fedha uliyopewa, fedha uliyotumia, iliyobaki. Jumamosi mwonyeshe mama. Hakuna ugomvi, ni namba tu. Na mwajiri naye atafurahi kuona chenji yake imeandikwa.

Kwa safari za bodaboda na mtoto kuna jambo kubwa kuliko fedha. Mwajiri akitoa nauli ya pikipiki moja kwa watu watatu, dada na watoto wawili, amempa dada mzigo wa kujibu siku wakianguka. Ni halali yake kusema, "Mama, mimi nitawapeleka, lakini kwa bajaji, au kwa miguu." Mtoto akiumia, wa kwanza kuulizwa atakuwa yeye.

Wengine, hasa vijana wa kiume wanaotunza bustani na mifugo, huja na pikipiki au baiskeli zao, na mwajiri huwatuma nazo. "Nitakuwekea mafuta," anasema. Mafuta peke yake hayatoshi. Tairi linaisha. Oili inabadilishwa. Breki zinalika. Mwenye chombo apatane na mwajiri fedha kidogo kwa kila safari juu ya mafuta, au mwajiri abebe matengenezo. La sivyo mwisho wa mwaka atakuta ameuza pikipiki yake kipande kipande bila kujua.

Mazungumzo yenyewe

Wengi tunajua haki, lakini kufungua kinywa ndiyo kazi. Tunaona haya. Tunaogopa kwamba mwajiri atasema, "Basi, nitatafuta mwingine." Hebu tusome mazungumzo haya ya simu. Someni wawili wawili, mmoja awe mzazi kijijini, mwingine awe mwajiri mjini.

MWAJIRI: Shikamoo mama.

MZAZI: Marahaba mwanangu. Habari za huko? Watoto hawajambo?

MWAJIRI: Hawajambo mama. Nimeambiwa binti yuko tayari. Nauli natuma leo, apande basi la kesho.

MZAZI: Tunashukuru. Ila kabla hujatuma tuelewane kidogo. Hiyo nauli unamlipia, au unamkopesha?

MWAJIRI: Ah, mama, huwa nakata kidogo kidogo kwenye mshahara. Wasichana hawa wakishafika mjini huhama. Mwaka jana nimemlipia mmoja, amekaa wiki mbili akaenda kwa jirani.

MZAZI: Pole mwanangu, hilo linauma kweli. Lakini wewe ndiye uliyemhitaji, sisi hatukuja kugonga mlango wako. Nauli ya kuja iwe yako. Kama una wasiwasi, tufanye hivi. Akiondoka kwa kupenda kwake kabla ya miezi mitatu, sisi huku tutakurudishia nusu. Ikipita miezi mitatu, habari ya nauli ya kuja imekwisha.

MWAJIRI: Na mkimwita nyinyi nyumbani?

MZAZI: Tukimwita sisi bila msiba wala ugonjwa, ni juu yetu. Lakini akiugua yeye, au akiondoka kwa kuteswa, hiyo nusu haipo.

MWAJIRI: Sawa mama. Miezi mitatu.

MZAZI: Na ya kurudi?

MWAJIRI: Mama, mbona mapema! Hata hajafika.

MZAZI: Ndiyo wakati wake mwanangu. Siku ya kurudi huenda mmekosana. Leo hatujakosana.

MWAJIRI: (anacheka) Haya. Nauli ya basi akimaliza kazi nitampa.

MZAZI: Na pikipiki ya kutoka stendi hadi huku kijijini?

MWAJIRI: Hapo mama mtajitegemea.

MZAZI: Haya. Na likizo ya mwaka?

MWAJIRI: Likizo nitampa ya kuja huko. Ya kurudi mjini agharamie mwenyewe.

MZAZI: Tugawane basi. Wewe ya kwenda nzima, na ya kurudi nusu.

MWAJIRI: Mama wewe ni mwanasheria! Haya, nusu.

MZAZI: Si sheria, ni kuelewana. Sasa hayo tuliyosema niandikie kwenye ujumbe wa simu, ndipo utume nauli. Tena itume kwangu, isipitie kwa yule kijana aliyetuunganisha.

Mnaona mzazi huyu hakupata yote. Pikipiki ya kijijini imemshinda. Ameahidi pia kurudisha nusu ya nauli ya kuja, jambo ambalo hakuna aliyemlazimisha. Sisi tunaona alifanya vema, maana hofu ya mwajiri ni ya kweli. Wapo mabinti wanaotumia nauli ya mtu kama njia ya kufika mjini tu, na kila mmoja anayefanya hivyo anawaharibia kumi wanaomfuata. Mzazi aliisikia hofu hiyo, akaiwekea mpaka wa miezi mitatu. Lakini nauli ya kurudi hakuiachia hata kidogo.

Tena alizungumza kabla nauli haijatumwa. Fedha ikishatumwa na binti akishapanda basi, mnabaki kuomba.

Habari ya msiba nayo izungumzwe mapema. Sheria inampa mfanyakazi angalau siku 4 zenye malipo anapofiwa na mtoto, mume au mke, mzazi, babu au bibi, mjukuu au ndugu wa tumbo moja. Siku 4 ni chache kwa mtu atokaye Dar es Salaam kwenda Sumbawanga. Siku nzima ya kwanza ni ya basi, na ya mwisho ni ya basi. Ombeni siku za safari ziongezwe, hata bila malipo. Na mpatane kwamba siku hiyo mwajiri atamkopesha nauli kama hana, deni la wazi la kiasi kinachojulikana, liandikwe.

Andikeni

Karatasi haihitaji mwanasheria. Inaweza kuwa hivi:

MAKUBALIANO YA SAFARI

Mimi ................ wa mtaa wa ................ nimemwajiri ................ wa kijiji cha ................, wilaya ya ................ Nimemwajiri akiwa kijijini kwake.

Nauli ya kuja nimelipa mimi, shilingi ................ Si mkopo, na haitakatwa kwenye mshahara.

Kazi ikikoma nitampa nauli ya basi hadi stendi ya ................ pamoja na gharama ya mizigo yake.

Nikimtuma, nitampa nauli kabla hajatoka nyumbani.

Tarehe ................ Sahihi ya mwajiri ................ Sahihi ya mfanyakazi ................ Shahidi ................

Ziwe nakala mbili. Moja ya mwajiri, moja ya mfanyakazi. Ile ya mfanyakazi ipigwe picha kwa simu itumwe nyumbani, maana karatasi iliyo chini ya godoro la nyumba ya mwajiri hupotea siku inapohitajiwa. Kama mmepatana habari ya miezi mitatu au ya likizo, iongezeni kwa maneno yenu.

Kitambulisho cha binti, iwe cha Taifa au cheti cha kuzaliwa, kikae kwake mwenyewe. Kisiwe rehani ya nauli.

Mkishindwa kuelewana

Kwanza semeni nyumbani humo humo, kwa utulivu, daftari likiwa mkononi. Ikishindikana, nendeni kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa ule anaokaa mwajiri. Waajiri wengi hawapendi kuitwa na mwenyekiti kwa habari ya nauli ya shilingi 40,000, na mara nyingi mambo huishia hapo.

Yasipoishia hapo, ipo Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Kufungua shauri hapo ni bure. Mtu hujaza fomu namba moja ya Tume, kisha pande zote huitwa kukaa na msuluhishi. Ila kuna jambo la muda. Kama ni shauri la kuachishwa kazi, lipelekwe ndani ya siku 30 tangu kuachishwa. Mashauri mengine, kama nauli au makato, ni siku 60 tangu mgogoro ulipotokea. Wengi hurudi kijijini kwanza kwa nauli ya kukopa, wanapumzika, wanalima, ndipo mtu anawaambia habari za Tume. Siku zimepita. Anayetaka kudai adai kabla hajaondoka mjini, na kama ameshaondoka, ahesabu siku zake kwenye kalenda leo hii.

Chama cha wafanyakazi kinachowahusu watumishi wa majumbani ni CHODAWU. Mwanachama wake husaidiwa kuandika madai na kusindikizwa.

Na kama kosa si la nauli, bali binti amepigwa, amefungiwa ndani au amedhalilishwa, hapo hakuna kungoja mwenyekiti wala Tume. Ni polisi, kwenye dawati la jinsia na watoto. Nauli itadaiwa baadaye.

Maswali ya kujadili katika kikundi

Katika kijiji chetu, mabinti walioondoka mwaka huu walifuatwa nyumbani, au walikwenda wenyewe? Nani kati yao ana karatasi?

Mama mmoja ametumiwa na mwajiri shilingi 60,000 za nauli ya binti yake. Nauli yote pamoja na chakula imetumia 48,000. Zilizobaki ni za nani, na mngemshauri afanye nini nazo?

Mfanyakazi analipwa shilingi 90,000 kwa mwezi. Amekatwa 15,000 kila mwezi kwa miezi minne kwa ajili ya nauli ya kuja, na hakutia sahihi popote. Jumla amekatwa kiasi gani? Mwandikieni barua fupi ya kumpa mwajiri wake ili kuzidai, isizidi mistari kumi, na ianze kwa salamu.